Mahame na Daftari: Kifo cha Mji katika Riwaya ya E. L. Doctorow, Welcome to Hard Times

Kiswahili hakina upungufu wa maneno ya kuutaja mji uliokufa. Tuna gofu, tuna ganjo, tuna mahame, na kila neno lina upande wake wa kuutazama mji huo. Gofu ni jengo, yaani ukuta uliosalia baada ya paa kuporomoka. Ganjo ni mahali, kiwanja kilichomea magugu ambapo hapo zamani palikuwa na watu. Mahame ni tendo, maana shina lake ni hama, na neno lenyewe latuambia kwamba watu waliokuwapo waliondoka kwa miguu yao. Waingereza na Wamarekani husema mji wa mizuka. Wao humtazama aliyebaki, hata kama aliyebaki ni kivuli tu; sisi humtazama aliyeondoka. Mfasiri anayekimbilia kuandika "mji wa mizimu" afanya kosa lisilo dogo, kwa sababu mzimu kwetu ni mahali panapotembelewa na kupelekewa ubani na sadaka. Magofu ya Gedi karibu na Malindi, ambayo James Kirkman alianza kuyachimbua mwaka 1948, yalikuwa yamehamwa kwa karne kadhaa, lakini wenyeji hawakuyahesabu kuwa matupu. Penye mzimu pana wenyewe. Penye mahame hapana.

Nimeanza na msamiati kwa sababu swali ninalokusudia kulijadili katika makala haya ni la msamiati kabla ya kuwa la falsafa. Mji unapokufa, msimulizi hutumia lugha ya aina gani kuiandika sababu ya kifo chake? Je, ni lugha ya maadili, kwamba mji ulikufa kwa dhambi, kwa woga au kwa kiburi cha wakazi wake? Au ni lugha ya hesabu, kwamba mji ulikufa kwa sababu kilichouleta kimekwisha? Riwaya ninayoihakiki ni ya Mmarekani E. L. Doctorow (1931–2015), nayo yaitwa Welcome to Hard Times. Ilitoka mwaka 1960, ikiwa riwaya yake ya kwanza.

Huenda msomaji wa jarida hili akauliza, riwaya ya walowezi wa Marekani yatuhusu nini katika idara ya lugha za Kiafrika? Swali ni halali. Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba waliandika waraka pale Nairobi wakitaka Idara ya Kiingereza ifutwe na fasihi ya Afrika iwekwe katikati ya masomo. Sina ugomvi na waraka huo, na kama usingaliandikwa, huenda mimi na wenzangu wengi tusingalikuwa na kazi hii tunayoifanya. Lakini waraka ule haukusema tusisome ya wengine. Ulisema tuyasome tukiwa tumekaa kwetu. Hivyo ndivyo ninavyojaribu kufanya hapa. Nilikutana na riwaya hii nikiwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili huko Marekani, katika darasa ambamo nilikuwa Mwafrika pekee, na kwa muda wote wa mjadala sikuwa nikiifikiria Marekani. Nilikuwa nikiufikiria mji wa Pate.

Kisa chenyewe chaweza kusimuliwa kwa ufupi. Katika eneo la Dakota, kabla halijawa jimbo, kuna kijiji cha mbao kiitwacho Hard Times kilichoota jangwani kwa ajili ya wachimba migodi walioko vilimani. Siku moja anaingia mtu ambaye wenyeji wanamjua kwa lakabu tu, Mtu Mbaya kutoka Bodie. Anabaka, anaua, kisha anauchoma mji mzima. Msimulizi ni Blue, mzee anayeitwa meya kwa sababu ndiye atunzaye makaratasi. Blue hakuthubutu kupambana na mtu yule. Jambo baya zaidi ni kwamba alimsukuma mwanamke mmoja, Molly Riordan, amwendee muuaji badala yake. Molly anaponea chupuchupu akiwa ameungua mgongo. Anaponea pia mtoto Jimmy Fee, mwana wa seremala aliyeuawa. Blue anawachukua wawili hao, anajichimbia makao pamoja nao, na juu ya majivu anaanza kuujenga mji upya. Anakuja Mrusi aitwaye Zar akiwa na gari lililojaa makahaba, anakuja mwenye duka, wanakuja wengine. Mji unanawiri. Kisha mgodi unafungwa, barabara iliyotarajiwa haiji, mji unajaa watu wasio na kazi, na katika ghasia hizo Mtu Mbaya anarudi. Blue safari hii anamnasa kwa seng'enge, lakini hamwui. Anamleta nyumbani kwa Molly. Yanayofuata ni mauaji juu ya mauaji. Jimmy anampiga risasi Mtu Mbaya na Molly pamoja, kisha anapanda farasi na kutoweka, naye msomaji anafahamu kwamba Mtu Mbaya mwingine amezaliwa. Blue anabaki peke yake na maiti, akiwa mahututi, akiandika.

Riwaya imegawanywa katika sehemu tatu, na kila sehemu yaitwa daftari. Hizi si sura za kawaida. Ni yale madaftari makubwa ya hesabu ambayo Blue alikuwa akiyatumia kuandikia nani anamiliki kiwanja kipi na nani anadaiwa nini. Karatasi zilizokusudiwa majina na madeni sasa zimejazwa masimulizi. Nadhani hili ndilo jambo la maana kupita yote katika fani ya riwaya hii, na wahakiki wengi niliowasoma wakati ule walilitaja kwa sentensi moja kisha wakakimbilia mjadala wa uovu na asili yake. Mimi sitaki kukimbia. Daftari la hesabu lina safu mbili, kilichoingia na kilichotoka. Mtu aliyezoea kuandika humo huona kila jambo kuwa ama limeingia ama limetoka, na kila kilichotoka lazima kiwe na mtu wa kukilipia. Blue anapoandika kifo cha mji wake, anatafuta mdaiwa. Anajipata yeye mwenyewe.

Basi tuyakague mahesabu yake. Mtu Mbaya anauchoma mji katika daftari la kwanza. Je, mji unakufa? La hasha. Mwaka haujapita na umesimama tena, una watu wengi kuliko mwanzo, una duka, una kilabu cha pombe, na watu wanagombania viwanja. Hii maana yake ni kwamba moto na bunduki peke yake haviui mji. Maadamu vilimani kuna wachimbaji wenye mishahara, na maadamu wachimbaji hao hushuka siku ya kupokea fedha wakiwa na kiu, mji utajengwa juu ya majivu, juu ya makaburi, hata juu ya aibu. Katika daftari la tatu, mgodi unafungwa kwanza. Mtu Mbaya anakuja baadaye. Anapoingia, mji umekwisha kufa; wakazi wenyewe wamo katika kuvunja na kunyang'anya. Yeye anamkuta maiti. Mpangilio huu wa matukio si wa bahati nasibu, na mwandishi ameuweka wazi mbele ya macho yetu, ila msimulizi wake hautazami. Blue anaendelea kuamini kwamba kama angalisimama imara siku ile ya kwanza, kama asingalimtoa Molly, mambo yangalikuwa mengine. Anajitwisha deni la kampuni.

Na kampuni yenyewe i wapi? Katika riwaya nzima wenye mgodi hawaonekani. Yuko msimamizi, wako wachimbaji, ziko tetesi kwamba huko Mashariki wakubwa wameamua hivi au vile. Afisa wa serikali ya eneo hilo hupita mara moja, akaacha karatasi na ahadi, akaenda zake. Aliyeua mji hana uso. Aliyeuchoma ana uso, ana kicheko, ana hata jina, maana baadaye tunaambiwa aitwa Clay Turner. Ninatamani kuamini kwamba jina hilo limechaguliwa kwa makusudi. Mwaka 1893 mwanahistoria Frederick Jackson Turner alitoa nadharia yake mashuhuri kwamba mpaka wa walowezi, ule mstari uliokuwa ukisogea magharibi mwaka hata mwaka, ndio uliomuumba Mmarekani, ukampa uhuru na ujasiri wake. Doctorow anampa jina la ukoo la mwanahistoria huyo mtu anayekuja kuchoma. Hata kama ni sadfa, ni sadfa inayosomeka vizuri.

Hapa yafaa tuuache mji wa kubuni kwa kitambo tuutazame mji wa kweli, kwa maana Bodie haukubuniwa. Uko California, mashariki ya milima ya Sierra Nevada, karibu mita 2,550 juu ya usawa wa bahari, mahali palipo uchi, pasipo na mti wa maana. W. S. Bodey alipata dhahabu hapo mwaka 1859, na katika majira yale yale ya baridi akafa katika tufani ya theluji. Mji ulioitwa kwa jina lake hakuuona, wala jina lenyewe halikuandikwa kama alivyoliandika yeye. Mwaka 1876 kampuni ya Standard iligundua mawe yenye dhahabu nyingi, na kufikia mwaka 1880 watu walikisiwa kuwa kati ya 7,000 na 10,000. Hisa za migodi ya Bodie zikawa zikiuzwa na kununuliwa San Francisco na watu ambao hawangeuona mji huo maishani mwao. Mwaka 1881 ikajengwa reli ya maili 32 kwenda Mono Mills kuleta kuni na mbao, kwa sababu mgodi hula miti kwanza kabla ya kutoa dhahabu. Reli hiyo haikuungana na reli nyingine yoyote duniani. Mwaka huo huo watu walikuwa tayari wakifungasha mizigo. Hisa zilikuwa zimeshuka, na habari zilikuwa zimefika za fedha huko Tombstone na shaba huko Butte. Walihama.

Yaliyosalia yalichukua miaka 60. Ilikuja njia ya kutumia sianidi kukamua dhahabu katika takataka za zamani. Ulikuja umeme kutoka kijito kilicho maili 13 kutoka mjini, katika miaka ya 1892 na 1893, jambo la kustaajabisha kwa wakati ule. Ukaja moto wa 1892 na mwingine mkubwa zaidi wa 1932. Reli iling'olewa baada ya 1917. Na mwaka 1942, wakati wa vita, serikali ya Marekani iliamuru migodi ya dhahabu ifungwe na ofisi ya posta ya Bodie nayo ikafungwa. Hakuna aliyepanda farasi akaja kuuua Bodie kwa usiku mmoja. Mji ulikufa kama mtu afavyo kwa ugonjwa wa mapafu, leo nafuu, kesho hoi.

Kwa nini basi Bodie ndio uliobandikwa "mtu mbaya"? Jibu ni magazeti. Mji huo ulikuwa na magazeti yake, na wahariri wake walipenda mzaha. "Mtu mbaya kutoka Bodie" alikuwa kichekesho cha magazeti kabla ya kuwa tishio la riwaya. Husimuliwa kwamba binti mmoja mdogo, familia yake ilipokuwa ikihamia huko, aliomba dua akimwambia Mungu kwaheri kwa kuwa wao wanakwenda Bodie. Mhariri mmoja akajibu kwamba binti huyo amenukuliwa vibaya na kwamba koma imewekwa mahali pasipo pake. Alichosema ni kwamba ni vyema, wallahi, anakwenda Bodie. Kisa chenyewe chaweza kuwa uzushi mtupu, nami sikishuhudii. Nakitaja kwa sababu chaonyesha kwamba sifa ya mji huo, wema wake na uovu wake, ilikuwa kazi ya kalamu tangu mwanzo. Blue na daftari lake wana ndugu.

Nilikwenda Bodie mwaka 2016. Maili tatu za mwisho za barabara hazina lami, na gari la rafiki yangu lilitikisika kama matatu ya Kapenguria. Serikali ya California iliufanya mji huo hifadhi mwaka 1962, na sera yao ni kuuzuia uozo usiendelee bila kuurudisha mji katika hali ya upya. Paa likivuja huzibwa. Ukuta ukiinama hutiwa mhimili, lakini haunyooshwi. Unachungulia madirishani unaona sahani mezani, madawati ya shule, chupa dukani, vyote chini ya vumbi linalolindwa. Majengo kama 110 hivi ndiyo yaliyobaki kati ya takriban 2,000. Wageni wanaoiba misumari na vigae huvirudisha kwa posta pamoja na barua za kuomba radhi, wakidai wamepatwa na mikosi. Nikasimama pale nikijiuliza neno letu lingeupokeaje mji huu. Si mahame tena, kwa sababu kuna watu wanaolipwa mshahara kukaa hapo kuhakikisha panaonekana hapakaliwi. Pamekuwa mzimu kwa maana yetu sisi: pana walinzi, pana mahujaji, na sadaka huja kwa posta.

Nilitangulia kusema kwamba nilipokuwa nikisoma riwaya hii nilikuwa nikiifikiria Pate. Utenzi wa Al-Inkishafi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir hauhitaji kuelezwa kwa wasomaji wa jarida hili. Tumeusoma katika toleo la Hichens la 1939, tumeusoma katika toleo la Allen la 1977, na sote tumewafundisha wanafunzi kwamba mtunzi anauhutubia moyo wake mwenyewe na kuuonyesha majumba ya Pate yaliyokuwa na taa, mapazia na vyombo vya Kichina, ambayo sasa yamekaliwa na popo na wadudu. Pate haukuwa mji wa mpakani kama Bodie. Ulikuwa mji wa kale, wenye wafalme, wafumaji na mabaharia. Lakini ni mji ulioinuka kwa biashara na kuanguka biashara ilipohamia kwingine, na mtu aliyekuwapo akaandika. Hapo ndipo ulinganisho wangu unaposimama, na siudai zaidi ya hapo.

Ugomvi wangu ni na sisi wahakiki. Kwa miaka mingi maswali yetu ya mitihani yameutaka utenzi huu utoe funzo moja, nalo ni kwamba dunia ni hadaa. Mwanafunzi akishaandika hivyo hupata alama zake na kuendelea na swali la tatu. Sisemi funzo hilo halimo. Limo, na mtunzi mwenyewe ndiye aliyeliweka, tena kwa ustadi. Nasema tumelitumia kama Blue anavyoitumia hatia yake, yaani kuziba pengo mahali ambapo palifaa pawe na swali lingine. Vile vyombo vya Kichina vilivyopangwa katika vidaka vya ukutani vilifikaje Pate? Vililipiwa na nini? Pembe za ndovu zilitoka bara, nguo zilifumwa mjini, na majahazi yalikuwa yakienda Uarabuni na Bara Hindi. Mwanzoni mwa karne ya 19 Pate ilishindwa vitani na Lamu huko Shela, kisha nguvu za Mabusaidi zikaelekeza biashara ya pwani Unguja. Mfanyabiashara mwenye akili alihama. Mtunzi alipoandika kwamba waliokuwa wakitawala wamo makaburini, alisema kweli. Lakini wana wa baadhi ya matajiri wale hawakuwa makaburini, walikuwa wakifanya biashara katika bandari nyingine. Mahame hayajazwi na wafu peke yao.

Nadhani Sayyid Abdalla alijua hayo kuliko sisi. Mshairi asiyejali mali haorodheshi mali kwa jicho lile. Beti zake za majumba ni daftari pia: ameingiza taa, ameingiza vyombo, ameingiza watumishi, ameingiza majina ya watu. Kisha anafunga safu. Tofauti yake na Blue ni kwamba yeye ana mahali pa kulipeleka deni. Anaamini kuna Mwenye kuhesabu asiyekosea, na kwa hiyo huzuni yake ina mpaka. Blue hana. Karibu na mwisho wa daftari la tatu anaanza kuutilia shaka uandishi wenyewe, kama kwamba mistari ya wino haiwezi kushika maisha ya mtu hata mmoja. Ni hapo ambapo riwaya hii inakuwa kubwa. Mhasibu amegundua kwamba hesabu haifungiki, na bado haachi kuandika, kwa sababu hana kazi nyingine na usiku ni mrefu.

Sitaki nieleweke kwamba riwaya haina dosari. Mtu Mbaya mwenyewe ni dhana iliyovalishwa kofia. Doctorow aliianza kazi hii baada ya kusoma hadithi chungu nzima za Magharibi ya Marekani kwa ajili ya kampuni ya filamu iliyomwajiri, akikusudia kuzifanyia mzaha, na mhusika huyu bado ananuka mzaha huo. Filamu ya 1967 iliyoigizwa na Henry Fonda haikumsaidia. Wanawake wa Zar wanatumika kuliko wanavyosema. Molly peke yake ndiye aliyepewa roho kamili, na roho hiyo imejaa chuki moja isiyobadilika hadi kifo chake. Kila anapoonekana tunajua atasema nini. Mpawnee John Bear, ambaye anautibu mgongo wa Molly kwa dawa zake, anabaki pembeni mwa masimulizi kama jiwe la mpaka. Ardhi hiyo ilikuwa na watu kabla ya daftari la Blue kufunguliwa, lakini daftari halina safu yao. Hali ni hiyo hiyo Bodie: mgeni huambiwa mengi juu ya wachimbaji, machache juu ya Wachina waliokuwa na mtaa wao pale, na machache zaidi juu ya Wapaiute wa ziwa Mono, ambao kwao mji huo ulioinuka na kuanguka ulikuwa msimu mmoja tu katika makao yao ya tangu jadi. Mpaka wa walowezi ni mpaka kwa aliyetoka upande mmoja tu.

Kuna jambo moja la mwisho linalohusu mbao. Katika nchi isiyo na miti, mbao ndiyo mali ya kweli. Hard Times unapojengwa upya, mbao zake zinatolewa katika mji mwingine uliokufa, zikang'olewa misumari na kupigiliwa tena. Historia inaunga mkono. Nyumba za Bodie zilipakiwa na kuhamishiwa miji mingine, na mji jirani wa Aurora, upande wa Nevada, ambako Mark Twain alitafuta fedha bila mafanikio mwaka 1862, ulikuwa wa matofali, nayo matofali yakabebwa hata pasibaki ila misingi. Mji haufi wote; vipande vyake huhama pamoja na watu. Doctorow anaifunga riwaya yake kwa wazo hilo. Blue angeweza kuuchoma mji ukamalizika, lakini hauchomi, kwa sababu anadhani siku moja atapita mtu mwenye haja na mbao zile. Wapo wanaoiona hii kuwa dalili ya matumaini, na wapo wanaoiona kuwa ukali wa kejeli, maana tumekwisha kuona mji uliojengwa kwa mbao za namna hiyo ulivyoishia.

Mwaka jana niliwapa wanafunzi wangu wa tafsiri ukurasa huo wa mwisho. Tatizo la kwanza lilikuwa sauti ya Blue. Mwanafunzi mmoja alimpa Kiswahili cha vitabu, Blue akawa mwalimu mkuu anayestaafu. Mwingine alimpa lugha ya mitaa ya Nairobi, Blue akawa kijana. Wa tatu, anayetoka Faza katika kisiwa hicho hicho cha Pate, alimwandika kama mzee wa kwao anayehesabu nazi jioni, sentensi fupi fupi, bila sifa nyingi, na darasa zima likanyamaza kusikiliza. Tatizo la pili hatukulimaliza. Mtu huyo atakayepita, je, tuseme atazitaka mbao au atazihitaji? Kiingereza hapo kina neno moja linaloweza kubeba maana zote mbili. Kijana wa Faza alishikilia atazitaka. Alisema kwao watu walikuwa wakichukua mawe ya majumba ya zamani ya Pate kujengea, na hakuna aliyewahi kuulizwa kama anayahitaji. Wengine walisema anayepita jangwani hawezi kubeba mbao kwa kutaka tu. Kengele ililia maneno yote mawili yakiwa ubaoni, na nilipopita jioni mfagizi alikuwa bado hajayafuta.